Ulikuwa Bafuni Siku Tulipohesabiwa

Mapendo mwanangu,

Umeniuliza mara tatu wiki hii kwa nini sipandi basi na wewe kesho mpaka chuoni kwako Sudbury, wakati tiketi yangu niliikata tangu mwezi wa sita. Mara ya kwanza nilisema ni kazi. Mara ya pili nikasema mgongo. Mara ya tatu hukusubiri jibu. Ulivaa viatu ukaenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mlango ukaufunga polepole, jambo ambalo kwako ni baya kuliko kuubamiza.

Jibu ni hili hapa. Naliandika kwenye meza ya jikoni mchana huu wa sikukuu, ndege za maonyesho zikinguruma juu ya ziwa. Koko wako, mama yangu, amefunga madirisha yote na kuongeza sauti ya nyimbo za injili kwenye simu yake. Kila mwaka tunamwambia ni maonyesho tu, na kila mwaka anajibu, "Ndege ya vita haina mchezo."

Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa najua utasoma taratibu. Kiswahili chako ni cha masikio: unaelewa kila kitu, halafu unajibu kwa Kiingereza. Soma kwa sauti, utanisikia. Kiingereza ndicho ninachoandikia ripoti, na katika ripoti nimejifunza kusema jambo bila kuonyesha kwamba ni mimi niliyelisema. Leo sitaki kujificha.

Habari za sweta, dawa ya mafua, mfuko wa unga na namna ya kufua nguo nyeusi, Koko ameshakupa, tena amezirudia. Mimi nina jambo moja.

Je, unakumbuka mchezo wa kunyamaza? Nadhani unaukumbuka, kwa sababu ukiwa na miaka kumi uliwahi kunisimulia kama kitu cha kuchekesha: kwamba zamani tulikuwa tunakuweka ndani ya beseni la kuogea, bila maji, na nguo zako zote mwilini, na ukikaa kimya mpaka nihesabu mia moja unapata biskuti. Ulicheka. Mimi nilisimama nikaenda kukoroga chungu kisichokuwa na haja ya kukorogwa. Ule haukuwa mchezo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, wewe minne. Nilikuwa mwaka wa pili wa chuo, na kiangazi kile nilipata kazi ya ukalimani. Watu fulani walikuwa wameajiriwa kujua kuna watoto wangapi wadogo katika maghorofa yetu ya St. James Town, wale ambao hawajafika umri wa kuanza shule, kwa hiyo hawamo kwenye daftari la shule yoyote. Walimtuma msichana mmoja, Claire, mwenye ubao wa kuandikia na tabasamu la kweli. Mimi nilitembea naye mlango kwa mlango kwa sababu kwenye ghorofa zetu nusu ya akina mama walizungumza Kiswahili.

Kabla ya kuanza, Claire alinisomea sentensi moja ambayo ilipaswa kutafsiriwa kila mlango: majibu haya hayapelekwi kwa mwenye nyumba. Mlango wa kwanza niliitafsiri. Mama aliyefungua aliniangalia akacheka. "Hata kambini walisema hivyo," akasema, na mlango ukarudi.

Lazima nikueleze kuhusu kambi ya wakimbizi, maana hukuzaliwa huko. Kule Kigoma, siku ya kuhesabiwa ilikuwa siku ya chakula. Idadi ya vichwa ndiyo idadi ya vikombe vya unga. Watu waliazima watoto. Koko wako aliazima wawili wa jirani, akawavalisha kandambili zetu, na mimi nikafundishwa majina yao ya siku ile. Kwa hiyo nilikua nikijua kwamba hesabu ni kitu ambacho watu wakubwa wanakifanya juu yako, nawe kazi yako ni kuwapa namba itakayokuacha hai. Tulipofika Toronto kanuni ilibaki ileile, ila namba iligeuka. Nyumba yetu ya chumba kimoja cha kulala ilikuwa imeandikishwa kwa watu wawili, na ghorofa ya saba kulikuwa na familia, inasemekana, iliyopewa barua ya kuhama kwa sababu walizidi. Kambini tuliazima watoto. Hapa tukawaficha.

Basi kuanzia mlango wa pili ile sentensi sikuitafsiri tena. Badala yake, nilipogonga nilipaza sauti kwa namna ya salamu:

"Hodi mama, habari za hapa, ficheni viatu vya watoto, yuko mtu wa kuhesabu!"

Ungesikia miguu ikikimbia ndani. Unajua mlangoni petu palivyo, viatu vinasema kila kitu. Mama mmoja alisukuma jozi nne chini ya kochi kwa kisigino huku akimkaribisha Claire kwa Kifaransa kizuri kabisa. Mwingine alivaa kandambili ya mtoto kwenye vidole vyake vitatu ili ionekane ni yake. Claire hakuona. Mchana, tukila sandwichi kwenye ngazi, alisema, "Salamu zenu ni ndefu na nzuri. Mnasema nini?"

"Tunawatakia amani," nikamjibu.

Nilijiona jasiri, Mapendo. Ndicho kinachonisumbua mpaka leo. Sikuona aibu hata kidogo. Akina mama walinishika mkono kanisani Jumapili ile na kuniita mtoto wa nyumbani, na mmoja alisema, "Wewe umesoma lakini hujatuuza." Niliyatembeza maneno hayo kichwani wiki nzima.

Siku ya tatu tulifika ghorofa ya kumi na moja, mlangoni petu. Tulikuwa tukiishi sita humo ndani: Koko, mimi, wewe, mjomba Amani, mke wake, na mtoto wao mchanga. Mjomba na mkewe walikuwa wamempeleka mtoto kliniki. Wewe ulikuwa tayari kwenye beseni. Koko alifungua mlango akiwa amejifunga kitenge cha kanisani, kama anayepokea wageni.

"Anataka nini, huyu?" Koko akauliza, kana kwamba hanijui.

"Anauliza mko wangapi."

"Mwambie tuko wawili. Mimi na binti yangu. Na binti yangu hayupo, yuko kazini." Alisema hivyo akinitazama usoni, na kidogo nicheke.

Halafu nikaona buti zako za mvua, zile nyekundu zenye macho ya chura, zimesimama katikati ya zulia la mlangoni. Claire alikuwa ameinamia karatasi yake. Nilizisukuma kwa mguu mpaka chini ya kipasha-joto. Kisha nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti yangu ya chuo, "Watu wazima wawili. Hakuna watoto."

Akaandika sifuri. Niliiona ikiandikwa. Ndani ya bafu ulikohoa mara moja tu, na Koko akakohoa juu yake ili kuifunika.

Ulipata biskuti mbili.

Sasa nitakueleza ile sifuri ilikwenda wapi, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua mpaka nilipokuwa nimeajiriwa kuifanyia kazi.

Mjini hapa, anayejenga nyumba mpya hulipa ada kwa kila nyumba anayoiongeza, na bodi ya shule huitumia fedha hiyo kununua ardhi ya kujengea shule. Nilipomweleza Koko mwezi uliopita alishtuka: "Karo? Shule ya serikali si bure hapa?" Si karo. Mzazi halipi, analipa mjenzi. Lakini kiwango cha ada hakitoki hewani. Kinatokana na swali moja ambalo mtu kama mimi hukaa ofisini kulijibu: nyumba ya aina hii italeta watoto wangapi? Nyumba ya vyumba vitatu, kadhaa. Ya vyumba viwili, wachache. Ya chumba kimoja cha kulala, angalia waliohesabiwa zamani. Sifuri. Na mjenzi akijenga mnara wote wa chumba kimoja kimoja, ada yake inakuwa ndogo sana, na ardhi ya shule hainunuliwi, kwa sababu ni nani atakayesoma hapo? Hakuna watoto.

Mwaka uliofuata ulipofika wakati wa kuanza shule, pale shuleni ng'ambo ya barabara waliniambia imejaa. Watoto walikuwa wamejitokeza kutoka kusikojulikana, karani alisema, na yeye mwenyewe alionekana kuchoka. Kutoka kusikojulikana! Kutoka chini ya makochi. Ukapangiwa shule ya mbali, na basi la njano.

Miaka tisa ya basi hilo. Wiki ya kwanza ulitapika kila asubuhi, nami nikakuwekea mfuko wa plastiki mfukoni. Basi lilikuwa linapita mbele ya uzio wa shule ya ng'ambo, ukiwaona watoto wa ghorofa yetu waliobahatika wakicheza. Hukuwahi kuwa na rafiki wa shule anayeweza kuja kwetu kwa miguu. Uliacha mpira kwa sababu mazoezi yalianza basi likiwa limeshaondoka. Ukiwa na miaka tisa tulipita kwenye uzio wa ujenzi, ukasimama mbele ya lile bango jeupe ambalo mimi nilikuwa nimezoea kulipita, ukanisomea kwa sauti: shule za eneo hili huenda zisiwe na nafasi, watoto wanaweza kupelekwa kwingine. Ukaniuliza, "Ma, kwa nini wanajenga nyumba halafu hawataki watoto?"

Nikasema, "Kwa sababu hawatujali, mama. Watu kama sisi hawatuhesabu."

Nilisema hivyo. Uliniamini, ukakua na neno hilo, na nimekusikia ukiwaambia wenzako maneno hayohayo kwa uchungu ambao haukuwa wako kwa haki. Najua kwamba si sisi tu tuliosababisha. Kuna waliotaka sifuri ile na wakaipokea kwa mikono miwili bila kuuliza mara ya pili. Lakini mtu wa kwanza kutokukuhesabu, Mapendo, alikuwa mimi.

Kuna kosa la pili, nalo ni baya zaidi maana sikuwa tena na miaka ishirini na miwili wala hofu ya mwenye nyumba.

Unajua kwamba naifanyia kazi kampuni inayoandaa makadirio ya ada. Miezi minne iliyopita rasimu ya kiwango kipya ilipita mezani kwangu. Nilifungua jedwali la nyumba za chumba kimoja nikaikuta ile sifuri pale, imezeeka, imenakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti. Nilikwenda kwa mkuu wangu, Graham. Si mtu mbaya. Nikamwambia namba hii si sahihi.

"Unajuaje?"

"Watu wanaishi humo na watoto."

"Hakuna anayelea mtoto kwenye chumba kimoja cha kulala," akasema, bila dharau, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Una ushahidi? Uliona hesabu ile ikifanywa?"

Nilikulea humo. Nilikuwepo. Mguu wangu ulikuwa kwenye buti zako. Nikasema, "Hapana."

Nimejichunguza sana kuhusu hiyo hapana. Haikuwa hofu ya kufukuzwa, hiyo ilikuja baadaye. Ilikuwa ni kwamba nilipigana miaka mingi niwe mtu anayehesabu, na kwa dakika moja pale ofisini ningelazimika kurudi kuwa mtu anayehesabiwa, binti wa ghorofa ya kumi na moja mwenye mtoto bafuni. Niliona ni heri jedwali liwe na uongo kuliko Graham anione hivyo. Kama kuna kitu nilichojifunza kwa gharama, ni kwamba uongo wa kujikinga hauondoki hatari inapoondoka. Unabaki nyumbani, unakula, unalala, na siku moja unaona unautetea kana kwamba ni mali yako.

Sitakwambia usidanganye kamwe. Koko alitudanganyia tukaishi, na siwezi kumhukumu mtu aliyehesabiwa na wenye bunduki kule tulikokimbia. Nakuomba tu uutazame kila mara: ile hofu bado ipo, au umebaki na mazoea yake?

Sasa, kuhusu Jumamosi zangu.

Ulinitania mbele ya Koko: "Ma ana mchumba. Kila Jumamosi mkoba, kila Jumamosi lifti." Koko akasema, "Kama yupo basi amlete, ana umri huo." Mliniangalia wote wawili mkingoja, nami nikasingizia kazi za kanisa. Nilikuwa na Mama Baraka wa ghorofa ya kumi na nne. Tulikuwa tunagonga milango.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mama yuleyule aliyevaa kandambili kwenye vidole. Ana wajukuu sasa. Alinitambua. "Umerudi tena? Tufiche?"

"Hapana, mama," nikasema. "Safari hii viatu viacheni palepale."

Akauliza: "Na mwenye nyumba?"

Nikaitafsiri ile sentensi, kwa kuchelewa kwa miaka kumi na minne, na sikuishia hapo. Nikamweleza hesabu hii ni yetu, imeandikwa na sisi, jina la mtu haliandikwi asipotaka, na kwamba nilikwenda kumuuliza mwanasheria wa wapangaji kabla sijagusa mlango wowote. Akaita ndani kwa sauti, "Tokeni!" Walitoka wanne, mmoja na mswaki mdomoni. Mama Baraka akaanza kulia, kisha akajichekelea mwenyewe, kisha akawahesabu mara mbili.

Tumemaliza majengo matatu. Sitakuandikia jumla, iko kwenye bahasha. Inatosha kusema si sifuri.

Kesho saa moja jioni kuna kikao cha wazi cha kuweka kiwango kipya. Kiwango hicho kikipitishwa jinsi kilivyo kitakaa miaka. Ule uwanja wa maegesho nyuma ya maduka, ambako ulijifunza baiskeli, unauzwa. Bodi ikiwa na fedha inaweza kuununua, ikizikosa utakuwa mnara mwingine wenye bango jeupe. Na kesho hiyohiyo asubuhi Baraka, mwenye miaka mitano, anapanda basi la njano kwa mara ya kwanza. Mama yake ameshamnunulia mifuko ya plastiki. Ni mimi niliyemshauri.

Ndiyo sababu siwezi kuwa Sudbury. Ijumaa nilimwandikia Graham kwamba nitasema kama mkazi, na kwamba hesabu ya zamani niliiharibu mimi. Alijibu neno moja: "Fikiria." Nimefikiria. Inawezekana nisiwe na kazi wiki ijayo. Chumba chako cha chuo kimeshalipiwa, hilo usiliwaze. Lililonikosesha amani ni kwamba ungeweza kusikia habari hii kwa mtu mwingine, ukiwa mbali, kabla hujaisikia kwangu. Ulikuwa na haki ya kuwa wa kwanza kunikasirikia. Ukitaka kukasirika, kasirika. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu niko mbali na nitakuwa nakutumia unga.

Koko nilimwambia jana. Nilimwomba ruhusa, maana siwezi kusema langu bila kusema lake. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo unakwenda kusema mbele ya wazungu kwamba mama yako ni mwongo."

"Nitasema sote wawili."

Akachambua, akachambua. "Batoto hawahesabiwi kama mbuzi," akasema. Ni neno lake la zamani, unalijua. Nikadhani ndilo jibu. Kisha akasukuma sinia pembeni. "Lakini mbuzi akipotea, watu wanamtafuta kwa sababu walimhesabu. Nenda. Utanitafutia kiti cha mbele, miguu yangu haisimami. Na useme nilikuwa na sababu."

Nitasema alikuwa na sababu.

Asubuhi nitakusindikiza mpaka kituoni, nitashika lile begi zito, na sitalia, au nitalia kidogo upande wa kushoto ambako hutaniona. Utapanda basi refu, na safari hii linakupeleka shule uliyoichagua mwenyewe. Kaa dirishani. Ukihisi kichefuchefu angalia mbali, si karibu. Hilo ulinifundisha wewe.

Jioni, kikao kitakapokuwa kimeanza, utakuwa umeshatandika kitanda chako. Kila msemaji anapewa dakika tano. Nimejaribu mianzo mingi, mizuri, ya kitaalamu, nikaifuta yote. Nitasimama, nitataja anwani yetu, ghorofa ya kumi na moja, chumba kimoja cha kulala. Nitasema kwamba siku ya kuhesabiwa tulikuwa tukiishi humo watu sita, na nitawataja mmoja mmoja kwa majina. Nitaanza na wewe. Mapendo, miaka minne, alikuwa bafuni, buti zake zilikuwa nyekundu, na alikaa kimya kama tulivyomwambia.

Mimi niliyekuzaa,
Mama